Tangazo Lililokatika

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi kali. Mlima haujaonekana tangu Jumapili. Kahawa inachelewa kuiva.

Lilian Urio amekuja saa nne, kama alivyoahidi. Ni binti wa watu wa Poli, amepanga chumba Makumira, kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Ameutengenezea usharika wetu programu ya matangazo. Badala ya karatasi kusomwa ibadani na nusu ya watu wasisikie, kila msharika atapata ujumbe kwenye simu yake: ndoa, vikao, mavuno, misiba. Baraza la wazee limeniteua niijaribu kabla haijaanza kutumika, na nisahihishe Kiswahili chake. Matangazo ya usharika huu nimeyaandika mimi tangu nilipostaafu ualimu. Halijatoka lenye kosa. Humu naweza kulisema.

Tukiikubali sisi, Jimbo litaichukua kwa sharika nyingine. Tukiikataa, hakuna atakayeitaka, na Lilian hana kazi nyingine. Alinieleza hayo akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini.

Hataki niijaribu hivi hivi tu. Anataka kuweka kompyuta ya pili ndani ya kompyuta yangu — haishikiki, haina mwili, lakini inafanya kazi zote za kompyuta. Nikikosea humo, kosa linabaki humo. Analo jina la Kiingereza la kitu hicho. Mimi nimeiita mashine pepe. Akasema, sawa Mwalimu.

Kompyuta ilikataa. Ikaandika kwamba uwezo huo umezimwa. Lilian akaizima, akaiwasha huku akibonyabonya kitufe kimoja, ukatokea ukurasa wa bluu ambao sijauona tangu Joyce, binti yetu, aniletee kompyuta hii kutoka Dar. Akawasha kitu. Ikakubali. Kisha ikalalamika kwamba kumbukumbu haitoshi mashine mbili.

Nikamwambia kumbukumbu nitaongeza mwenyewe. Asidhani mzee ameshindwa siku ya kwanza.


Alhamisi, 10 Julai 2025

Jana mjini, kwa Rohit, fundi wa kompyuta. Aliifungua kompyuta kama mtu anayepasua samaki. Akasema: "Mwalimu, hii ni rika letu. Lakini moyo bado mzuri." Akaweka kumbukumbu mpya, akapuliza vumbi, akafunga.

Leo Lilian amemaliza. Nusu ya kumbukumbu ameipa mashine pepe, nusu imebaki kwa yenye mwili. Ameingiza mfumo kutoka kwenye flashi, saa nzima, tumekunywa chai mbili. Akaniomba neno la siri. Nikaandika jina la mke wangu. Akasema neno la siri la kila mzee wa Meru ni jina la mkewe. Eunike alikuwa mlangoni, akasema afadhali tunatumika mahali.

Mambo mawili ameniagiza.

La kwanza, mtandao. Mashine pepe ina kebo ya kudhaniwa na kisanduku chake cha kutia alama. Kisanduku kikiwa kitupu, mashine haioni dunia. Nisikiguse. Ofisi ya usharika ilimpa orodha ya kweli ya washarika na namba zao, naye bado hajaitenga na akaunti inayotuma ujumbe. Kila nitakachoandika kitakaa kwenye foleni, kitaandikwa "kinasubiri". Kisubiri tu.

La pili, picha ya hali. Ameipiga mashine picha kama ilivyo leo, safi. Nikiharibu, nabonyeza mahali, inarudi kuwa ya leo. Yote yaliyofanyika baada ya leo yanakuwa hayakufanyika. "Humo ndani hata ukivuruga kila kitu, Mwalimu, tunarudi hapa."

Nilipenda jambo hilo kuliko nilivyomwonyesha.


Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimejaribu tangazo la ndoa, la kikao, la mavuno. Nimeyafuta moja moja nilipomaliza. Programu ni nzuri. Kiswahili chake kinahitaji mkono, lakini binti ana utaratibu.

Jambo moja tumebishana kwa simu. Ujumbe ukizidi herufi mia na sitini, programu inaukata. Anasema atalirekebisha, kwa sasa niandike kwa ufupi. Nikamwambia tangazo la mtu si risiti ya umeme. Akanyamaza. Watoto wa siku hizi wakinyamaza sijui kama wamekubali au wameogopa.

Mchana nilikwenda Moshono kumwona Sifaeli Nanyaro. Yuko kwa binti yake Catherine tangu atoke hospitali. Figo. Tulipata kipaimara siku moja, yeye na mimi, na mashamba yetu yanapakana. Amekuwa mdogo. Koti lake limemmeza. Alinitania kwamba nimekuja kumhesabia siku. Sikucheka. Huwa sicheki, naye anajua.

Catherine alinisindikiza hadi getini. Anasema madaktari hawasemi kitu.


Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeandika tangazo la Sifaeli.

Nieleze. Ni desturi yangu ya kazi. Mtu akiugua sana, mimi huandaa. Msiba ukija watu hulia, simu hupigwa, karani huandika majina ya watoto kinyume na mke wa kwanza husahauliwa. Nani atasahihisha wakati huo? Kwa hiyo huandaa mapema, kimya, nikaweka kando. Sijawahi kumwambia mtu. Kwetu anayemwandikia kifo mgonjwa aliye hai huonekana anamwita mauti kwa jina. Mimi ni Mkristo, siamini hivyo. Hata hivyo sijawahi kumwambia mtu.

Safari hii nimeliandika ndani ya mashine pepe, nione programu inavyobeba msiba. Mpokeaji nikachagua "washarika wote", kwa sababu kifo hakitangazwi kwa mtu mmoja. Siku ya maziko nimeiacha wazi.

Limekuwa refu. Sentensi ya mwisho si ya tangazo. Nilijua wakati naiandika. Sikuifuta.

Linasubiri.


Jumatano, 16 Julai 2025



Asubuhi nilikuwa na masahihisho kurasa nne, nimeyapiga chapa ndani ya mashine pepe. Nilitaka kumtumia Lilian. Angeweza kuja kuyachukua. Ningeweza kumsomea kwa simu. Lakini nilitaka ayapate kwa barua pepe, yamepangwa, aone mzee ameweza peke yake. Nikafungua mipangilio. Nikaona kisanduku cha kebo. Nikajiambia, dakika moja, kisha nitakizima.

Nikatia alama.

Sikuwahi hata kufungua barua pepe. Kwenye kona ya programu neno "linasubiri" likageuka kuwa "linatumwa". Namba ikaanza kupanda. Nilibonyeza kila kitu. Niliondoa alama. Namba ilikuwa imeshasimama. "Limetumwa".

Nilikaa. Halafu nikafanya kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukifanya. Nikarudisha picha ya hali. Mashine ikawa ile ya Alhamisi. Kebo imezimwa. Hakuna tangazo. Hakuna masahihisho. Hakuna Sifaeli. Nikaona moyo wangu unatulia, kweli unatulia, kama vile nimelifuta kosa ubaoni kabla darasa halijaingia.

Simu yangu ikalia mezani. Mimi pia ni msharika.

"Uongozi wa Usharika unasikitika kutangaza kifo cha Mzee Sifaeli Nanyaro, aliyekuwa mpiga tarumbeta na mzee wa kanisa. Ni mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi"

Limekatika hapo.

Jikoni Eunike akapiga ukunga.


Jumatano hiyo hiyo, jioni

Naandika yaliyofuata kwa sababu nisipoyaandika leo, kesho nitayapanga vizuri.

Eunike aliingia na simu mkononi, analia. Nilimshika bega. Nilikuwa na nafasi hapo. Alikuwa peke yake, mlango umefungwa, ni mke wangu. Badala yake nilichukua simu nikampigia Catherine, kumwuliza kama ni kweli. Mimi. Kumwuliza kama ni kweli. Simu yake ilikuwa imezimwa; ni mwalimu, yuko darasani anasimamia mtihani. Nikampigia Lilian. Inatumika. Nikampigia Mchungaji. Inatumika. Mlima mzima ulikuwa kwenye simu.

Eunike alikata mikungu miwili ya ndizi. Sikumzuia. Saa sita kina mama walipita na pikapu, akapanda, maziwa mapajani, wakaenda Moshono wakiimba.

Amerudi sasa hivi. Ananisimulia huku akicheka na kulia. Wamefika getini, wimbo juu, Tekla wa kwaya mbele na kuni kichwani. Sifaeli yuko barazani, anaota jua, bakuli la uji mkononi. Akawatazama wanavyoingia mmoja mmoja. Akauliza: "Mama Joyce, mnamlilia nani?" Tekla akatupa kuni chini. Sifaeli akasema: "Kama ni mimi, pokeeni kwanza hili bakuli, lisivunjike."

Wakalia upya, zaidi ya mwanzo. Ndizi walikataa kurudi nazo. Kilichobebwa kwenda msibani hakirudi nyumbani. Catherine amekuta ua umejaa mikungu na maziwa ya kunywesha shule.

Huku kijijini ndiko kubaya zaidi. Anaeli, mdogo wake Sifaeli, hakusubiri simu ya pili. Alichukua vijana wanne, wakaingia kihambani, shamba la nyumbani la kaka yake, chini ya migomba, karibu na alipozikwa mama yao. Taarifa ya kweli ilipowafikia, kaburi lilikuwa limeshafika kifuani.


Alhamisi, 17 Julai 2025

Nilikwenda kihambani, aliko Anaeli. Nisingekwenda ingeonekana.

Watu wamesimama kuzunguka shimo. Anaeli anataka lizikwe shina la mgomba, limevikwa shuka, maana kaburi lililofunguliwa haliwezi kurudishiwa udongo mtupu, litadai mtu. Mchungaji anasema udongo unatosha, na asisikie tena habari ya shina. Anaeli akamjibu, kwa heshima, kwamba Mchungaji huhamishwa, wao watabaki na shimo.

Pembeni vijana wanacheka kwa sauti ya chini. Hakuwahi nini? Hakuwahi kutoa mchango. Hakuwahi kuacha pombe ya mbege. Hakuwahi kumshinda mke wake. Mmoja akasema, hakuwahi kufa. Wakaniona, wakanyamaza wote, wakasema shikamoo kwa pamoja kama wako mstarini.

Marahaba, nikasema.

Kila mtu analitaja jina la Lilian. Kompyuta ya Lilian. Mtoto wa Urio amemuua mzee wa watu. Anaeli anasema kwenye baraza atataka programu itupwe, na Jimbo liandikiwe.

Niliulizwa maoni yangu. Nikasema tusihukumu kabla ya kujua. Walinisifu kwa busara.


Ijumaa, 18 Julai 2025

Lilian amekuja. Macho mekundu, nywele hajazishika. Akaniomba aione mashine pepe.

Nilikaa nyuma yake. Akafungua. Ni safi. Kebo imezimwa. Foleni haina kitu. Akaniuliza, bila kunigeukia: "Mwalimu, uliwahi kuwasha mtandao humu?"

Nikamjibu: "Unaona mwenyewe kebo imezimwa."

Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Akasema ndiyo Mwalimu. Hakuuliza mara ya pili.

Akanieleza anavyofikiri. Nilimpa violezo vya matangazo tangu Mei, cha msiba kikiwemo. Orodha ya wagonjwa wa kuombewa imo pia kwenye programu. Anaamini programu, kwenye kompyuta yake yeye, imechukua jina kutoka orodha ya wagonjwa ikaliweka kwenye kiolezo cha msiba, ikatuma. Hajui vipi. Ameisoma programu mstari kwa mstari tangu juzi na haoni. Atarudia tangu mwanzo.

Anatafuta kosa ambalo halipo. Nilimtazama anaondoka na begi lake mgongoni, anapita kwenye tope kwa uangalifu asiharibu viatu.

Eunike alikuwa anachambua maharage. Akasema, bila kuinua kichwa: "Jumatano nilipoingia nalia, hukuniuliza nani."

Nikasema nilikuwa nimeshapata ujumbe.

Akasema: "Haya."


Jumapili, 20 Julai 2025

Ibadani Mchungaji alitangaza kwamba Mzee Sifaeli ni mzima kwa neema ya Mungu. Watu walipiga makofi kanisani, jambo ambalo silipendi. Lilian alikaa safu ya mwisho. Pembeni yake pande zote mbili palikuwa wazi.

Baraza baada ya ibada. Mimi ni katibu. Lilian aliingizwa, akasimama. Hakujitetea. Alisema kosa ni la programu yake, hajalipata bado, anaomba muda. Anaeli akamwuliza, je, akipewa muda atamwua nani mwingine? Wengine walicheka. Yeye alikuwa anaangalia sakafu.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilihesabu kwamba akimaliza Anaeli nitasimama. Akamaliza. Akasimama Mzee Pallangyo. Nikasema akimaliza Pallangyo.

Uamuzi: Jumamosi Lilian apelekwe kwa Sifaeli kuomba radhi, na wazee wawili. Sifaeli akiridhika, baraza litafikiri upya. Asiporidhika, programu iachwe na Jimbo lijulishwe.

Nani atamsemea? Kwa desturi mwenye kosa hajisemei. Mchungaji akanitazama. Akasema hakuna anayefaa kuliko Mwalimu: ni rafiki wa Sifaeli, na binti amefanya kazi chini yake.

Lilian akaniangalia kwa shukrani. Naandika neno hilo na linanichoma. Kwa shukrani.

Nikasema nimekubali.


Jumanne, 22 Julai 2025

Sifaeli amekuja kuliona kaburi lake.

Catherine alimleta kwa gari. Alikataa kushikwa. Alitembea na fimbo, taratibu, hadi migombani, sisi nyuma yake kama kundi la kondoo. Akachungulia. Akamwuliza Anaeli kwa nini ni fupi, au alidhani atakunjwa. Anaeli, ambaye tangu Jumatano anamlaumu kila mtu, akaanza kulia kama mtoto. Akasema: "Kaka, ulishapungua." Sifaeli akacheka mpaka akakohoa, tukamletea kiti. Akakikataa, akakaa juu ya udongo uliotolewa.

Mabishano yakaanza tena, shina au udongo mtupu. Sifaeli akainua fimbo.

"Msifukie."

Mchungaji akauliza kwa nini.

"Mimi nimesomewa nusu. Hakuwahi — kisha kimya. Mwanadamu gani anafukiwa kabla hajajua kitu ambacho hakuwahi? Nikishasikia iliyobaki, fukieni, hata mkiweka shina, hata mkiweka mbuzi."

Watu walicheka. Mchungaji akaeleza kwamba ni mashine tu, imechanganya majina na kiolezo, hakuna iliyobaki. Akamwita Lilian, ambaye alikuwa amesimama mbali kwenye kahawa. Lilian akasogea, akapiga goti, akasema: "Shikamoo Babu. Ni kweli, kwenye mashine hakuna kitu. Nimeangalia zote."

"Marahaba. Inuka, tope hilo." Akamtazama kwa muda. "Kiolezo ni kitu gani, mjukuu wangu?"

Akaeleza. Maneno yaliyoandaliwa, yale yale kwa kila mtu, linabadilika jina tu.

"Yale yale kwa kila mtu," akasema Sifaeli. "Basi mashine yako imejuaje kwamba nilipiga tarumbeta? Bendi ile ilikufa wewe hujazaliwa."

Niliona Lilian anaanza kufikiri.

Sifaeli hakunitazama. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, Mchungaji, Anaeli, Catherine, vijana, mpaka Eunike. Mimi aliniruka. Ndiyo maana najua kwamba anajua.


Alhamisi, 24 Julai 2025

Siku mbili sijaandika wala kula vizuri.

Kaburi liko wazi. Mvua ndogo imeingia. Anaeli ameweka mabati juu na mawe, na watoto wamekatazwa kupita.

Lilian alinipigia jana. Alianza: "Mwalimu, naomba nikuulize kitu." Nikasema uliza. Akasema basi, atauliza siku nyingine. Nilikuwa darasani miaka mingi. Sauti ya mtoto anayejua jibu na anaogopa kulisema naijua kuliko sauti ya kengele. Niliijenga mwenyewe sauti hiyo, kwa mamia ya watoto, na niliiita nidhamu.

Leo amepiga Sifaeli.

Hakusalimu. Akasema: "Joel, Jumamosi uje na iliyobaki. Na huyo binti awepo, asikie."

Nikamwuliza, iliyobaki ipi?

Akasema: "Joel, mimi nimekufa juma lililopita. Usinichoshe."

Nilisikia kuku wa Catherine. Kisha akasema kwamba hatamwambia mtu. Wala Catherine, wala baraza. Kulisema ni kazi yangu. Yake ni kusikiliza tu, na kwamba nisipolileta ataomba kaburi libaki wazi mpaka alijaze kwa haki, na halitachukua muda. Alisema hivyo kwa mzaha. Sidhani kama ulikuwa mzaha.

Akauliza: "Ni baya?"

Nikasema si baya.

"Basi unaona haya ya nini?"

Nikamuaga. Naliandika jibu hapa. Nimerudisha mashine nyuma na sentensi imepotea kila mahali isipokuwa kichwani mwangu. Ilikuwa hivi: Ni mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuniogopa.

Kuniogopa. Ndani ya tangazo la usharika, mbele ya washarika wote. Wanafunzi waliniogopa, walimu wenzangu, wazee wa baraza, watoto wangu. Joyce hupiga simu akiwa amesimama, Eunike ameniambia. Sifaeli peke yake hakuniogopa. Nilingoja awe karibu kufa ndipo nikaandika, nikijua kwamba hatalisoma.


Jumamosi, 26 Julai 2025

Saa tatu asubuhi. Gari la Mchungaji linakuja saa tatu na nusu.

Nilipanga kumwambia Lilian jana, kabla ya safari. Nilikwenda Makumira kabisa. Nikafika kwenye duka lililo mkabala na nyumba aliyopanga, nikanunua kiberiti, nikarudi.

Nimemwambia Eunike. Alfajiri, tukiwa bado tumelala. Nilimwambia yote, kisanduku, picha ya hali, jibu nililompa Lilian. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini nilimwacha akate ndizi. Nimefikiri tangu alfajiri. Nilimwacha akate ndizi kwa sababu kumzuia kungekuwa kukiri. Nilimwambia hivyo. Akaamka, akawasha moto, akanipasia shati.

Lilian amefika mapema. Yuko barazani. Amevaa kitenge na kilemba kama mama wa watu, amebeba kikapu: sukari, majani ya chai, maziwa kwenye kidumu kilichooshwa mpaka kikang'aa. Shikamoo Mwalimu. Asante sana kwa kukubali kunisemea. Alisema hayo akiniangalia usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akainamisha macho.

Anajua. Au karibu. Na bado amekuja na kikapu.

Kisha akanipa karatasi. Ameandika maneno atakayosema yeye mwenyewe endapo Mzee Sifaeli atamruhusu, na anaomba niyasahihishe, asije akaaibisha usharika mara ya pili. Nimeichukua, nimeingia nayo chumbani.

"Mzee wangu, mimi Lilian Urio ndiye niliyesababisha kilio katika nyumba yako. Sikukusudia. Nilijua jambo lile linaweza kufanyika kwa bahati mbaya, nami sikulizuia. Familia yako ilichimba kaburi kwa sababu yangu. Naomba unisamehe, na uniruhusu nishike koleo wakati wa kulifukia."

Nimelisoma ombi hilo mara mbili, kalamu mkononi, kama nilivyosoma insha maisha yangu yote. Limeandikwa vizuri. Halina cha kuongeza wala kupunguza. Jina tu ndilo lililokosewa.

Nimelikata. Mstari mmoja, safi, kwa rula. Juu yake nimeandika langu, majina matatu. Wino haujakauka.

Nje gari limepiga honi. Nasikia Mchungaji anamsalimu, anamwuliza Mwalimu yuko wapi. Lilian anasema Mwalimu anasahihisha karatasi yake.

Eunike amechungulia mlangoni. Nimemwambia wanisubiri kidogo, natafuta miwani.

Nimeivaa.